Landilodi Wako Pia Ana Landilodi

Kama umewahi kununua viatu, kava ya simu ama jinzi kwa eksibishoni yoyote pale tao, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyekuuzia hajawahi kuonana na mwenye jengo. Kodi analipa, na analipa kwa wakati. Lakini anamlipa mtu ambaye pia yeye ni mpangaji. Huyo mtu alichukua ghorofa nzima, akaleta fundi, akaweka mbao na vioo, akaigawanya vyumba kumi na tano, na sasa kila chumba kina biashara yake. Sisi wote tunamwita landilodi. Mwenye jengo anamwita mpangaji. Na siku hao wawili wakikosana, wewe mwenye ulikuwa umekaa kwa stuli yako ukingoja kastoma ndiye unaumia kwanza.

Nataka tuongelee hii maneno kwa sababu kila wakati stori kama hii ikitokea, watu hukimbilia kusema, "Vijana wa siku hizi hawasomi mikataba." Mkataba gani, jameni? Wengi wetu hatujawahi kupewa hata karatasi ya kusoma. Na kusema ukweli, bila kupangishwa na mpangaji, vijana wengi hawangekuwa na biashara hapa Nairobi. Mwenye jengo hataki kusumbuana na watu kumi na tano wadogo wadogo. Anataka mtu mmoja, mkataba mmoja, hundi moja, dipoziti ya miezi kadhaa na wakili katikati. Mimi na wewe hiyo pesa hatuna. Kwa hivyo anakuja mtu wa katikati, anabeba mzigo mkubwa, anatugawia vipande na anaweka faida yake juu. Hiyo ni biashara halali kabisa. Shida inaanza wakati inafanywa kimyakimya.

Wenye mmenifuata kutoka zamani mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na sijawahi kuona haya kuisema. Kabla hizi video zianze kunilipa kitu, nilikuwa nauza viatu vya mitumba ghorofa ya pili ya jengo moja pale downtown. Sikuwa na kiduka changu. Kulikuwa na mama fulani wa mabegi, sote tulimwita Auntie, ambaye alikuwa na kiduka kizima. Akaniambia, "Mamii, wewe chukua huo ukuta wa kushoto, mimi nibaki na wa kulia, tugawane kodi." Kodi yote ilikuwa elfu 18. Mimi elfu tisa, yeye elfu tisa. Auntie alikuwa anampelekea yule jamaa aliyechukua ghorofa, na yule jamaa anampelekea mwenye jengo.

Hebu hesabu. Mimi nilikuwa mpangaji wa mpangaji wa mpangaji. Kama hii ingekuwa familia, mwenye jengo angekuwa babu yangu wa mama mwingine.

Tulikaa vizuri zaidi ya mwaka. Halafu Jumatatu moja tukapanda ngazi saa moja asubuhi tukakuta kufuli mpya, soja tumbo mbele, na karatasi imebandikwa mlangoni. Karatasi ilisema mpangaji wa ghorofa ana deni la kodi ya miezi mitano. Miezi mitano! Na sisi wote tulikuwa tumelipa. Kila mtu alitoa simu akaanza kuonyesha mwenzake meseji za M-Pesa, kana kwamba kufuli inaweza kusoma meseji. Tukampigia yule jamaa. Mteja. Tukapiga tena. Mteja.

Ajenti wa mwenye jengo akaja karibu saa nne. Aliongea kwa upole, siwezi kumdanganyia. Lakini alichosema kilikuwa baridi: "Mimi siwajui. Mkataba wetu ni na yule. Nyinyi ni akina nani hapa?"

Auntie akamwangalia, akamwambia, "Kijana wangu, miaka sita napanda hizi ngazi. Wewe mwenyewe hunisalimia hapo chini kila asubuhi. Leo hunijui?"

Ndani ya huo mlango kulikuwa na viatu vyangu vya kama elfu 85. Elfu 50 kati ya hizo ilikuwa mkopo ambao mathe alinichukulia kwa chama chake, na jina lililokuwa limeandikwa kwa kitabu cha chama lilikuwa lake. Kama hizo viatu zingeuzwa kulipa deni la mtu mwingine, si mimi ningeulizwa Jumapili baada ya kanisa. Ni yeye.

Sasa, hapo kwa ngazi ndipo nilianza kujifunza sheria ambayo kila mtu anayelipa kodi Kenya anafaa kuijua. Nitaiweka rahisi.

Kwanza, kuna vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Kuna kupangisha tena, na kuna kuhamisha upangaji. Ukipangisha tena, wewe unabaki kwa mkataba wako na mwenye jengo, halafu unatengeneza upangaji mwingine mdogo chini yako. Mpangaji wako asipolipa, mwenye jengo bado anakudai wewe. Lakini ukihamisha upangaji, unatoka na kumwachia mtu mwingine nafasi yako yote kwa muda uliobaki. Yeye ndiye anasimama mbele ya mwenye jengo sasa.

Ile pesa ya kuingilia ambayo huku tao tunaiita "goodwill" huzunguka hapo katikati. Mtu anatoka kwa kiduka, anakuambia nipe laki moja na nusu nikuachie nafasi na makastoma. Unampa. Umenunua nini hasa? Kama mwenye jengo hakukubali kwa maandishi, umenunua funguo na maneno matamu. Huyo aliyekuuzia ameenda, na mwenye jengo hajawahi kusikia jina lako.

Pili, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inasema mpangaji hafai kuhamisha wala kupangisha tena nyumba au sehemu yake bila ruhusa ya mwenye nyumba iliyoandikwa. Hii inahesabiwa kuwa ndani ya mkataba hata kama mkataba wenu haujaitaja. Kwa hivyo ile hoja ya "lakini mkataba haukukataza" haikuokoi sana.

Lakini subiri, kuna nusu ya pili ambayo hakuna landilodi atakuambia kwa hiari yake. Kifungu hichohicho kinasema mwenye nyumba hafai kunyima hiyo ruhusa bila sababu ya maana. Ukimwandikia, "Nataka kumwachia fulani duka langu, huyu hapa kitambulisho chake, hii hapa biashara yake," hawezi tu kukataa kwa sababu ameamka vibaya. Akiwa na sababu ya kweli, kama mtu huyo hana uwezo wa kulipa, ama anataka kugeuza duka la nguo kuwa karakana ya kuchomelea vyuma, hiyo inaeleweka. Kwa hivyo wale wanaopangisha kimyakimya kwa kuogopa "atakataa tu" mara nyingi wanajinyima haki ambayo sheria tayari imewapa.

Tatu, na hii ndiyo ilitusaidia sisi. Kuna sheria ya zamani kidogo, ya 1965, inayoitwa Sura ya 301. Inahusu maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula. Inasema kwamba kama upangaji wako wa duka haujaandikwa popote, ama umeandikwa lakini ni wa miaka isiyozidi mitano, basi huo ni upangaji unaolindwa. Soma tena hapo: usioandikwa. Wengi tunadhani kukosa karatasi ni kukosa haki. Kwa duka, ni kinyume kabisa. Kukosa karatasi ndiko kunakuingiza chini ya ulinzi.

Na ukilindwa, huwezi kufurushwa kwa kufuli. Anayekupangisha lazima akupe notisi kwa fomu maalum, na hiyo notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla miezi miwili kuisha tangu uipokee. Lazima aseme sababu, na sababu zimeorodheshwa kwa sheria. Mojawapo ni kuchelewesha kodi miezi miwili. Usipokubaliana na notisi, una mwezi mmoja wa kumjulisha kwamba hukubali, na unapeleka mambo kwa jopo la kodi za majengo ya biashara, lile watu wanaliita BPRT. Hiyo sheria inaposema upangaji, inahesabu hata upangaji mdogo. Yaani Auntie, mwenye hakuwa na karatasi hata moja, alikuwa mtu mbele ya sheria. Si mvamizi. Si "siwajui."

Wakili mmoja kijana ambaye alikuwa akinunua loafa kwa jirani yetu ndiye alituambia hivyo, akasimama hapo kwa ngazi akatupangia kazi. Kila mtu atoe orodha ya malipo ya M-Pesa. Kila mtu apige picha kufuli na ile karatasi ya mlangoni. Kila mtu aandike mali iliyo ndani, kwa idadi. Tukaenda kwa jopo kama kikundi. Haikuwa sinema. Ilikuwa kungoja kwa viti vya mbao, kuulizwa maswali yaleyale, kurudi kesho. Lakini amri ya muda ikatoka: mlango ufunguliwe, mali ya wapangaji isiguswe, hadi pande zote zisikilizwe. Ijumaa tukafungua. Viatu vyangu vilikuwa vimekaa vile nilivyoviacha, na harufu ya ngozi ilikuwa imejaa chumba chote.

Sitaki uondoke hapa ukidhani mpangaji mdogo hana shida. Ako na shida, na ni kubwa. Haki zake ni dhidi ya yule aliyempangisha. Mtu hawezi kukupa kitu ambacho hana. Mkataba wa yule wa juu ukiisha kihalali, nafasi yako iliyo chini yake inabaki ikining'inia hewani. Amri ya muda inanunua wakati, hainunui duka. Sisi tulipata wiki kadhaa za kukaa mezani na mwenye jengo, na hapo ndipo mambo yalisuluhishwa. Tulikubaliana kwamba deni la miezi mitano ni la yule jamaa, si letu, na kwamba kuanzia mwezi uliofuata wanaotaka kubaki watalipa moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye jengo.

Halafu karatasi mpya zikaletwa, jina moja kwa kila kiduka. Kwa kiduka chetu jina lilikuwa la Auntie peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikijua naweza kutolewa mbio mbele ya kila mtu, na hakuna mtu angekuwa amevunja sheria. Auntie akashika kalamu, akaiweka chini. Akamwambia wakili wa mwenye jengo, "Huyu msichana analipa nusu. Andika ananishikia ukuta wa kushoto kwa ruhusa yenu, ndio nisaini." Wakili akamwangalia ajenti, ajenti akainua mabega. Ikaandikwa. Mstari mmoja na nusu. Mathe wangu alilipa chama chake chote kabla mwaka uishe kwa sababu ya mstari mmoja na nusu.

Auntie pia alimfuata yule jamaa kudai dipoziti yake ya elfu 36. Alienda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inafaa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Hakuhitaji wakili. Alipeleka meseji zake za M-Pesa zimechapishwa cyber, akaongea Kiswahili, akapata hukumu. Pesa inakuja kwa vipande vipande, leo elfu mbili, mwezi ujao elfu tatu, lakini inakuja.

Najua wengine wenu mnasema, "Mimi sina duka, hii hainihusu." Inakuhusu. Kama umechukua nyumba ya chumba kimoja Roysambu ama Kilimani, ukanunua kitanda kizuri na televisheni, ukaiweka Airbnb, wewe unapangisha tena. Kama unaenda ocha likizo ndefu na unamwachia rafiki yako keja alipe miezi mitatu, unapangisha tena. Kama mlikuwa wawili kwa bedsitter na mwenye jina kwa mkataba amehama akakuachia, kuna mtu amehamisha upangaji bila kuambia mtu.

Na kwa nyumba za kuishi ulinzi ni mwembamba zaidi. Ile Sura ya 301 ni ya biashara, haikufikii. Kuna sheria nyingine ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, lakini inafunika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsitter ya 2,500 hapa Nairobi nikuletee maandazi. Wengi wetu tumebaki chini ya mkataba wetu na Sheria ya Ardhi. Hapo kama unalipa mwezi kwa mwezi, notisi ni ya mwezi mmoja tu. Landilodi akigundua wageni wako wa wikendi na hukuwa na ruhusa iliyoandikwa, ana sababu mkononi ya kukutoa. Utakuwa umepoteza vitanda, mapazia na nyota zako tano kwa mpigo mmoja.

Kuna kitu pia lazima niseme upande wa wenye nyumba, kwa sababu si haki kuwafanya wote mashetani. Mwenye jengo ana haki ya kujua nani ako ndani ya jengo lake. Moto ukiwaka kwa sababu mtu wa tatu aliunganisha waya saba kwa soketi moja, polisi watamtafuta yeye. Kama mpangaji mkuu anakusanya laki mbili na nusu na kupeleka laki moja, ama hapeleki kabisa, mwenye jengo anaibiwa pia. Yule wetu alikuwa na mkopo wa benki wa hilo jengo, na miezi mitano bila kodi si mchezo. Hasira yake niliielewa. Kufuli yake ndiyo sikuielewa, kwa sababu sheria ilikuwa imempa notisi, jopo na mahakama, na yeye akachagua soja.

Lakini mtu ambaye sitamtetea ni yule wa katikati anayejiita landilodi, anayechukua dipoziti, anayekuambia "hapa ni kuaminiana tu," na anajua vizuri hana ruhusa ya kukuweka hapo. Huyo hauzi nafasi. Anauza hatari yake mwenyewe, na anakupatia wewe uibebe bila kukuambia uzito wake.

Kwa hivyo ukipata nafasi, na mtu akakuambia tuma dipoziti leo kuna mwingine anaitaka, fanya haya kabla ya kuweka namba yako ya siri. Muulize kama yeye ni mwenye jengo, ajenti au mpangaji. Akisema ajenti, akuonyeshe barua. Akisema mpangaji, muulize mkataba wake unaisha lini, kwa sababu hawezi kukupa muda mrefu kuliko alio nao. Muombe ile ruhusa iliyoandikwa, hata kama ni picha kwa WhatsApp. Ongea na soja na wapangaji wengine, wao hujua ukweli kabla ya wakili. Lipa kwa njia inayoacha alama, na usilipe pesa taslimu hata kama anakupunguzia. Na kama wewe ndiye unataka kumwingiza mtu kwa nafasi yako, mwandikie mwenye nyumba kwanza. Barua ya mistari minne inatosha: mimi ni nani, anayeingia ni nani, atafanya nini, kuanzia lini. Weka nakala.

Na kama tayari uko ndani bila karatasi, kama vile mimi nilivyokuwa, usijione mvamizi kwa sababu mtu amekubandikia notisi mlangoni. Ukiwa na duka, una miezi miwili na una jopo. Tafuta majirani wako wa ghorofa muende pamoja, kwa sababu watu kumi na tano wenye meseji za M-Pesa ni ngumu kuwaambia "siwajui."

Mwenye jengo ana wakili. Yule wa katikati ana maneno. Wewe angalau uwe na mstari mmoja na nusu wenye jina lako.